Tushone, Tutembee, Daftari Lisubiri

(Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa vikundi vya kijamii hapa Mwanza, mvua za vuli zilipokuwa zinaanza. Waliokosa wameiomba, nami naiweka nzima. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha.)

Mwangaluka!

Hapana, hiyo ni sauti ya watu ambao hawajanywa chai. Mwangaluka!

Haya, sasa nimewasikia. Mheshimiwa Diwani, wenyeviti wa mitaa, wazee wangu mliokaa mbele, akina mama wa Nyamagana na Ilemela, akina baba wachache mliojitokeza, na vijana wetu: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mshereheshaji amenipa dakika ishirini na amekaa karibu kabisa na swichi ya kipaza sauti, kwa hiyo sitazunguka.

Nina swali moja tu. Kikundi chako, ukikiondolea mkopo na marejesho, kinabaki na nini?

Fikirieni kidogo. Mnakutana Jumamosi. Mwenyekiti anafungua kikao, katibu anaita majina, hisa zinanunuliwa, marejesho yanahesabiwa, waliochelewa wanatozwa faini, sanduku linafungwa kwa kufuli tatu na kila ufunguo unakwenda kwa mtu wake. Halafu? Kuna anayebaki? Au kila mmoja anatafuta bodaboda yake?

Sisemi pesa ni mbaya. Nisingethubutu, mbele ya watu walionunua viwanja na kusomesha watoto kwa hisa za kila wiki. Najua pia wengi hapa mnasubiri ile asilimia kumi ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na mna haki ya kuisubiri. Ninachosema ni kwamba vikundi nilivyoviona vikifa hapa mjini havikufa siku sanduku lilipokuwa tupu. Vilikufa siku watu walipogundua kwamba pale wanaitwa ili wadaiwe. Nani anaamka Jumamosi kwa furaha kwenda kudaiwa?

Sisi tuna sanduku kama ninyi. Ila kabla ya sanduku tunatembea, na baada ya sanduku tunashona. Tunashona mablanketi ya viraka, kwa vitambaa vinavyobaki kwenye meza za mafundi. Mambo hayo mawili yametuweka pamoja kuliko katiba yetu yenye mihuri yote ile.

Nianze na viraka, maana naona wengine mmeshakunja uso.

Siku tulipoanza, mama mmoja mwenzetu alisimama akasema, "Mimi utoto wangu wote kule Magu nimevaa viraka. Leo nina nyumba ya bati na geti, halafu mnataka nikalale navyo?" Tulicheka sana. Lakini alikuwa na hoja, au siyo? Kiraka alichokijua yeye kilikuwa cha kuficha tundu la suruali ya shule, na watoto wenzake walikuwa wakihesabu viko vingapi.

Nikamwomba aitazame khanga aliyojifunga. Mnajua khanga ilianzaje? Huko pwani, Zanzibar na Mombasa, karne ya 19, akina mama walikuwa wananunua leso za mkononi zilizoletwa na meli, zikiwa bado hazijakatwa, zimeungana kwenye jora. Mama anakatiwa leso sita. Anazigawa tatu kwa tatu, anaziunga kwa sindano ubavu kwa ubavu, anapata nguo moja pana ya kujifunga. Ziliitwa leso za kushona. Baadaye ndipo wafanyabiashara walipofungua macho, wakaagiza nguo nzima iliyochapwa tayari, yenye pindo lake na mji wake, na maneno yakafuata. Kwa hiyo nguo hii tunayoivaa msibani na harusini, hii tunayombebea mtoto, ilianza na mwanamke aliyeunga vipande kwa sababu dukani hakukuwa na alichokitaka. Hakuwa anaficha tundu. Alikuwa anachagua. Nasema tena: alikuwa anachagua!

Niwapeleke mbali kidogo. Kusini mwa Marekani, katika jimbo la Alabama, kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend. Mto Alabama umekizunguka pande tatu. Wakazi wake ni watu weusi, vitukuu wa waliokuwa watumwa kwenye shamba la pamba palepale. Kwa vizazi na vizazi bibi wa kijiji hicho walishona mablanketi kwa nguo za kazi zilizochakaa: suruali za jinzi zilizopauka magoti, aproni, mashati ya shambani, magunia. Haikuwa mapambo. Nyumba zilikuwa za mbao zenye nyufa, na baridi ya kule siyo hii yetu ya Julai ambayo sweta moja inaimaliza.

Ng'ambo ya mto uko mji wa Camden, ndiko ziliko ofisi za serikali. Mwaka 1962, watu weusi walipokuwa wanadai haki ya kujiandikisha kupiga kura, kivuko kikaondolewa. Ndugu zangu wa Sengerema, ninyi mliolala kwenye foleni ya Kigongo na Busisi na mgonjwa ndani ya gari, kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025, mnajua kivuko ni nini. Sasa fikirieni kinaondolewa makusudi, ili msivuke. Kivuko cha Gee's Bend hakikurudi hadi 2006.

Wale akina mama walikaa wakalia? Mwaka 1966 wanawake wa eneo lile walianzisha ushirika wa kushona, Freedom Quilting Bee, na mablanketi yao yakauzwa hadi New York. Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yakatundikwa ukutani kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, kisha Whitney kule New York. Na 2006, mwaka uleule kivuko kiliporudi, posta ya Marekani ikayatia kwenye stempu. Mabingwa wa sanaa wameandika mengi juu yake. Mimi nilipoona picha zake nilishikwa na kitu kidogo: pale mfuko wa suruali ulipong'olewa, jinzi imebaki na buluu yake ya zamani, imekolea, katikati ya buluu iliyopauka kwa jua la shambani. Wangeweza kukipindua kile kipande. Wamekiweka mbele.

Wako na wengine, hawa wa karibu zaidi kwa damu. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika. Babu zao walifikishwa huko katika karne za biashara ya utumwa, na baadhi yao walitoka upande wetu huu wa bara. Wanawake wao wanashona blanketi linaloitwa kawandi. Hawaanzi katikati kama tunavyofanya sisi. Wanatandaza sari kuukuu chini, wanaanza kona moja, wanazunguka pembezoni wakiingia ndani kidogo kidogo, kipande juu ya kipande, hadi wanakutana katikati. Na kila kona wanashonea vipande vidogo wanavyoviita phula, yaani maua. Blanketi lisilo na phula kwao liko uchi. Halipewi mtu.

Basi yule mama wa Magu leo ndiye mwalimu wetu wa kona. Hakuna blanketi linalotoka mikononi mwake bila maua.

Turudi Mwanza. Mabaki yanatoka wapi? Msidhani yanaokotwa tu. Kiroba cha mabaki hapa mjini kina wenyewe: kuna wanaojazia mito, kuna wanaotengeneza mazulia ya mlangoni, kuna wanaofutia gereji. Fundi mmoja wa Kirumba alitutajia bei hadi tukatazamana. Tukapatana naye kwa njia nyingine: sisi tunamfagilia kibaraza kila tunapopita, yeye anatutengea vya pamba tupu. Hadi leo hakuna aliyevunja mkataba, na haujaandikwa popote.

Na mabaki yana umbea wake, jamani! Desemba na Januari kiroba kinajaa buluu, nyeupe na kaki, sare za shule. Ukikuta kiroba kizima ni kitenge cha aina moja, hapo kuna sendofu imepita, na dada zetu hawa watakutajia bibi harusi ni wa ukoo gani na kamati ilichangisha vipi. Mimi huwa sichangii mazungumzo hayo. Nasikiliza tu.

Kuna baba aliniuliza kama tunaweza kumshonea blanketi la jezi za Yanga. Mwingine palepale akadai la Simba. Niwajibu wote leo: jezi hazimo. Jezi ni poliesta, ukiipitishia pasi yenye moto wa kunyoosha pamba inayeyuka na kung'ang'ania pasi. Na hivi ndivyo mnavyoweza kutambua kitambaa. Chomoeni nyuzi mbili tatu, ziwasheni kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka kama karatasi, inabaki majivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kijidonge kigumu cheusi. Pamba na poliesta visiunganishwe kwenye blanketi moja, maana pamba mpya hurudi ikifuliwa na mwenzake harudi, na mshono unakunjamana. Ndiyo sababu tunafua kila kipande kabla ya kukikata. Mengine ni kazi ya mkono: vipande vinaungwa kwa mshono wa robo inchi, unawekwa uso juu, pamba katikati, kitambaa cha mgongo chini, halafu mishono midogo midogo inapenya tabaka zote tatu ili pamba isihame.

Pamba ya katikati hatuinunui mbali. Huu ni ukanda wa pamba. Ukiriguru wametafiti mbegu zake kwa miongo mingi, ushirika wa wakulima wa kanda hii ulikuwa mkubwa enzi za Paul Bomani, na Mwatex ilifuma vitambaa hapahapa. Wazee mliokaa mbele mnayajua hayo kuliko mimi.

Sasa miguu.

Wenzetu wa Marekani na Uingereza wanaoshona kama sisi wana majira yao ya kutembea, kati ya Septemba na Novemba. Siku zinafupika, majani yanaacha kutengeneza rangi ya kijani, na manjano iliyokuwa imejificha ndani yake inajitokeza. Mengine yanakuwa mekundu kabisa kabla ya kudondoka. Watu wanatoka kutembea wakijaza macho, kisha baridi inawafungia ndani na sindano zinaanza kazi.

Sisi tuko karibu na ikweta. Siku yetu haifupiki kwa kiasi cha kuonekana, jua linachomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Lakini msiniambie Mwanza haina majira! Miezi hiyohiyo ndiyo vuli yetu. Kiangazi kimekausha nyasi hadi zimekuwa rangi ya chai ya maziwa, kisha wingu linapanda kutoka ziwani, mvua inapiga mawe, na kesho yake kumbikumbi wametapakaa chini ya kila taa. Wakulima wanaandaa mashamba ya pamba. Mikrismasi inaanza kuwaka nyekundu. Na ndipo sisi tunatembea zaidi, kwa sababu asubuhi ni ya ubaridi na vumbi limelala.

Tunatoka pale Kamanga, tunaliacha jiwe la Bismarck upande wa ziwa, tunapanda Capri Point. Siku nyingine tunakwenda Kirumba hadi Mwaloni, kwenye harufu na kelele za dagaa. Juu ya mawe ya Capri Point yuko mjusi mnamjua nyote, dume lake lina kichwa na mabega mekundu yanayoelekea zambarau, na mwili wa buluu. Wanasayansi wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae. Kijana mmoja wa kikundi chetu alimtazama mjusi huyo hadi tukamwacha nyuma. Jumamosi iliyofuata akaleta mpangilio wake: nyekundu, zambarau na buluu, juu ya kijivu cha mawe. Mtauona pale mezani. Mimi mwenyewe nisingethubutu kuziweka rangi zile pamoja.

Lakini sikuja kuwasifia mijusi. Tuna sheria moja ya njiani: marufuku kutaja deni. Ukitaja marejesho tukiwa tunatembea, unalipa faini ya uzi mmoja. Mwenyekiti wetu ameshalipa nyuzi nyingi kuliko mtu yeyote.

Sheria hiyo ilitokana na nini? Tulikuwa na mwenzetu wa Igogo, ameniruhusu nisimulie bila jina lake. Aliacha kuja. Simu hapokei. Kwenye kikao mjumbe mmoja akapendekeza twende tukamchukulie televisheni, kama katiba inavyosema, na kweli katiba inasema hivyo. Wengine tukaomba tungoje. Njia yetu ya Jumamosi ikageuzwa ipite mlangoni kwake. Hodi, hodi, mama fulani, tunapita, twende tukatembee. Mara ya kwanza alichungulia dirishani. Tukaendelea na safari. Baadaye siku moja akatoka amejifunga khanga mbili, akatembea nasi hadi ziwani bila kusema neno, na hakuna aliyemuuliza.

Mtu akitembea ubavuni mwako hakutazami usoni. Mmeona hilo? Ofisini mnatazamana, kwenye kikao mnatazamana. Njiani wote mnatazama mbele. Tulipokuwa tunarudi ndipo akasema mume wake amelazwa Bugando, kila kilichokuwa ndani kimekwenda kwenye dawa na nauli, na alikuwa anaona aibu kutuambia kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kwa waliochelewesha marejesho. Jumamosi hiyohiyo tulisogeza ratiba yake. Televisheni ikabaki ukutani.

Mume wake alifariki. Mungu amlaze pema.

Baada ya arobaini mama huyo alikuja na mfuko wa mashati. Akasema hawezi kuyagawa, hawezi kuyavaa, na hawezi kuendelea kufungua kabati akayakuta. Tukamuuliza kama tuyakate. Akasema kateni, ila kola nitakata mwenyewe. Tukamwachia mkasi.

Najua wengine mnaona kukata nguo za marehemu ni jambo zito. Ni zito, na kama mila za kwenu zinakataza, zifuateni. Lakini sisi wa Kanda ya Ziwa tunayo kumbukumbu yetu. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligundulika Kagera, mwaka 1983. Wangapi hapa walizika ndugu miaka ile, na msibani ugonjwa ukatajwa kwa kunong'ona, au usitajwe kabisa? Kule Marekani, Oktoba 11, 1987, walitandaza kwenye uwanja mkubwa wa Washington vitambaa 1,920 vilivyoshonwa na jamaa na marafiki wa waliokufa kwa ugonjwa huohuo. Kila kimoja futi tatu kwa sita, karibu kipimo cha kaburi, na jina la mtu juu yake. Wengine walishonea mashati, wengine midoli, wengine vifungo tu. Leo vimefika kama 50,000. Majina yalisomwa kwa sauti, mbele ya watu. Mimi nimefikiria sana jambo hilo.

Blanketi la mashati tulilishona sote. Aliyeshona vizuri kuliko wote ni mzee wetu mmoja mvuvi mstaafu, kwa sababu mkono uliozoea kushona nyavu hauogopi pamba ya tabaka tatu. Watoto wa marehemu waligombania nani alale nalo. Mama yao akawaambia atalala nalo yeye, maana ndiye aliyevumilia kukoroma kwa mwenye mashati.

Kuhusu kuuza, kwa kuwa najua swali hilo linakuja: tunauza. Tuligombana sana mgeni mmoja alipotaka blanketi letu la kwanza, wengine wakitaka pesa, wengine wakisema halina bei. Tulimaliza kwa kura. Blanketi la kwanza la kila mwaka haliuzwi, linapewa mtu tunayemchagua sote. Yanayofuata yanauzwa, na pesa yake ina ukurasa wake kwenye daftari, haichanganywi na mikopo. Iliyobaki ni hesabu za kawaida na sitawachosha.

Anayetaka kujaribu, Jumamosi ijayo tunaanzia Kamanga saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Viatu vya kupandia mawe, maji, na mwavuli kwa sababu vuli haiagi. Mkitoka hapa piteni mezani, mablanketi yapo matatu. Yageuzeni mtazame upande wa mgongo, huko ndiko fundi anakojulikana. Sindano tutawapa, uzi upo, mwenyekiti ameshaugharamia. Mkasi kila mmoja aje na wake. Wa kwangu hauazimwi, na wala msiniombe.

Maswali?